Tovuti Ikikufungia Mlango: Kwa Nini Mkazi Halali Huzuiwa na Afanye Nini

Huduma nyingi za umma siku hizi huanzia kwenye mtandao. Leseni za biashara, ada za ardhi, nafasi za kazi, zabuni, fomu za basari na rasimu za bajeti zinazosubiri maoni ya wananchi huwekwa kwenye tovuti za ofisi husika. Mkazi wa Khwisero au Likuyani anaweza kuzisoma kwenye simu bila kulipa nauli ya kufika mjini Kakamega.

Hata hivyo, kuna wakati mkazi hufungua ukurasa anaouhitaji akakuta maandishi yanayomwambia kwamba hana ruhusa, au kwamba ametuma maombi mengi kupita kiasi. Hajafanya kosa lolote. Pengine ndiyo mara yake ya kwanza kuingia kwenye tovuti hiyo. Hudhani simu yake imeharibika, au bando limekwisha, au ofisi imemfungia makusudi. Wengi hukata tamaa, na siku ya mwisho ya kutuma maombi hupita.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, namna ya kutambua chanzo chake, na hatua ambazo mkazi au mwenye tovuti anaweza kuchukua.

Kwa nini tovuti huwekewa walinzi

Tovuti yoyote iliyo wazi kwa umma hutembelewa na watu na pia na roboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe. Roboti nyingine zina manufaa, kwa mfano zile zinazosaidia Google kujua ukurasa upo. Nyingine hutumwa na wahalifu kubahatisha manenosiri, kutafuta nyufa za kuingilia au kuifurikia tovuti kwa maombi mengi hadi izame.

Wakenya waliliona jambo hilo mwezi Julai 2023. Jukwaa la eCitizen, ambalo wakati huo lilikuwa na huduma zaidi ya 5,000 za serikali, lilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia. Tarehe 27 Julai 2023, Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema kwamba hakuna data iliyopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Wasafiri waliokuwa wakiomba viza kwa mtandao walikwama, ikabidi wapewe viza wanapowasili nchini. Oktoba 2024, waendesha mashtaka nchini Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan waliodaiwa kuendesha kundi hilo.

Katika shambulio la aina hiyo mhalifu hahitaji kuvunja kufuli. Anachofanya ni kujaza watu bandia mlangoni ili wale wa kweli wasipate nafasi ya kupita. Ndiyo maana wenye tovuti huweka walinzi. Tovuti kubwa hutumia huduma kama Cloudflare, ambayo husimama mbele ya tovuti na kuchuja wageni kabla hawajafika. Tovuti ndogo za shule, vyama vya ushirika, zahanati na mashirika mara nyingi hutengenezwa kwa WordPress, kisha huongezewa programu-jalizi ya usalama. Mojawapo inayojulikana zaidi ni Wordfence, iliyowekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5 duniani.

Walinzi hawa hufanya kazi saa zote, lakini hawana macho. Hawamwoni mama anayetafuta fomu ya basari ya mwanawe. Wanachoona ni nambari, kasi ya maombi na maandishi yanayotumwa. Wakipimiwa vibaya, humzuia mgeni halali pamoja na mhalifu.

Nambari ya matatu, si jina la abiria

Kila kifaa kinapofungua tovuti, tovuti huona anwani ya IP, yaani nambari inayoonyesha maombi yametoka wapi. Programu nyingi za usalama humhukumu mgeni kwa nambari hiyo.

Kwa mkazi wa kawaida wa Kakamega, nambari hiyo si yake peke yake. Mfumo wa zamani wa anwani, ambao bado unatumika sana, una nafasi za anwani takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na zimegawanywa karibu zote. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani hizo barani Afrika, liliingia katika awamu ya mwisho ya kuzigawa kwa kipimo mwezi Januari 2020. Kwa sababu ya uhaba huo, kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Simu ya mkulima aliye Malava, ya mwanafunzi aliye Lurambi na ya mtu asiyejulikana aliye mji mwingine zinaweza kufika kwenye tovuti zikiwa na nambari ileile.

Hali hiyo inafanana na matatu. Askari wa barabarani akiandika nambari ya gari kwa sababu ya kosa la abiria mmoja, kisha akaamuru gari hilo lisipite tena, abiria wote watateremshwa, hata wale wasiojua kilichotokea. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Saiba nayo iko hivyo. Kompyuta 10 za saiba moja kwa kawaida hutumia laini moja ya mtandao na anwani moja. Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya basari au ya kazi, wateja wote hufungua ukurasa uleule kwa wakati mmoja. Kwa binadamu, hao ni watu 10 wenye haraka. Kwa programu ya usalama, ni mgeni mmoja anayebisha hodi mara mamia kwa dakika, jambo linalofanana na shambulio. Maabara ya kompyuta ya shule na mabweni ya chuo hukumbwa na tatizo hilohilo.

Matokeo yake ni kwamba mzigo haugawanyiki sawa. Mwenye intaneti ya nyumbani yenye anwani yake mwenyewe huzuiwa mara chache. Anayetegemea bando la simu au saiba, ambaye ndiye anayehitaji zaidi huduma ya bure ya umma, ndiye anayezuiwa mara nyingi.

Sababu nyingine zinazomfungia mgeni halali

Anwani ya pamoja ni sababu kubwa, lakini si pekee.

Ya kwanza ni nenosiri. Programu nyingi humfungia mgeni anayekosea nenosiri mara kadhaa, kwa sababu ndivyo roboti za kubahatisha zinavyofanya. Mkazi aliyesahau nenosiri lake anaweza kufungiwa kwa saa kadhaa. Katika saiba, makosa ya watu watatu au wanne huhesabiwa pamoja, na wa tano hufungiwa hata kabla ya kujaribu.

Ya pili ni nchi. Baadhi ya wenye tovuti huzuia anwani zote za nje ya Kenya, wakidhani kwamba asiyekuwa nchini hana haja ya huduma za hapa. Kanuni hiyo huwafungia watu wa Kakamega wanaofanya kazi Saudi Arabia, Qatar au Uingereza, ambao hulipia ada za ardhi ya nyumbani wakiwa huko. Huwafungia pia watu walioko hapahapa. Anayetumia Opera Mini, kivinjari kinachopunguza matumizi ya bando, hupitishia kurasa zake kwenye seva za kampuni hiyo, ambazo zinaweza kuwa nje ya nchi. Tovuti humwona kama mgeni wa ng'ambo. Anayetumia VPN huonekana vivyo hivyo. Huduma ya Starlink ilipoanza nchini Julai 2023, mawasiliano ya wateja wa Kenya yalipitia vituo vya nje, kikiwemo cha Lagos nchini Nigeria, hadi kituo cha Nairobi kilipoanza kazi Januari 2025.

Ya tatu ni maandishi yenyewe. Programu ya usalama hukagua yale yanayojazwa kwenye fomu ili kunasa amri za kihalifu. Alama moja inayotazamwa kwa makini ni kile kikoma cha juu, kwa sababu wadukuzi huitumia kuchomeka amri kwenye hifadhidata. Lakini alama hiyo imo kwenye majina yetu: Ng'ang'a, Ong'eri, Nyong'o, Wang'ombe. Kanuni ikiwa kali mno, fomu ya mtu mwenye jina la namna hiyo hukataliwa kila anapobonyeza kitufe cha kutuma, huku jirani yake aitwaye Wekesa akipita bila taabu.

Ya nne ni kivinjari na kifaa. Tovuti nyingine hufanya jaribio fupi la kuhakikisha kwamba mgeni ni binadamu. Jaribio hilo linaweza kushindwa ikiwa kivinjari ni cha zamani sana, ikiwa vidakuzi vimezimwa, au ikiwa tarehe na saa za simu si sahihi. Simu iliyozimika chaji ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita inaweza kukataliwa na tovuti nyingi kwa mpigo.

Ya tano ni kosa la mwenye tovuti katika kupanga mitambo, na linastahili kuelezwa peke yake. Tovuti inapowekwa nyuma ya huduma kama Cloudflare, wageni wote hupitia kwanza kwenye huduma hiyo. Programu-jalizi iliyo ndani ya tovuti lazima ielekezwe mahali pa kusoma anwani halisi ya mgeni. Isipoelekezwa, itasoma anwani ya Cloudflare na kudhani kwamba maelfu ya wageni ni mtu mmoja au wachache tu. Siku itakapomfungia mmoja, itakuwa imewafungia wengi. Tovuti huonekana imekufa, kumbe iko salama na imejifungia ndani.

Kusoma maandishi yaliyo kwenye skrini

Ujumbe wa kuzuiwa kwa kawaida huja kwa Kiingereza na huwa mfupi. Kilicho muhimu zaidi ni nambari iliyomo.

Nambari 403 humaanisha kwamba tovuti imekuona lakini imekataa kukuhudumia. Hiki ndicho kizuizi halisi.

Nambari 429 humaanisha kwamba maombi mengi mno yametoka kwenye anwani yako kwa muda mfupi. Mara nyingi kizuizi hiki huondoka chenyewe.

Nambari 503 ina maana mbili. Inaweza kumaanisha kwamba seva imelemewa na haiwezi kumhudumia yeyote. Lakini Wordfence nayo hutumia nambari hii inapomzuia mgeni. Ukurasa ukitaja kwamba mwenye tovuti ndiye aliyeweka mipaka, basi ni kizuizi.

Nambari 404 si kizuizi. Ukurasa umeondolewa au anwani yake imeandikwa vibaya.

Kwenye tovuti zinazolindwa na Cloudflare, huonekana pia nambari za tarakimu nne. Nambari 1006 ni anwani iliyopigwa marufuku, 1009 ni nchi iliyozuiwa, 1015 ni maombi mengi kupita kiasi, na 1020 ni kanuni maalum ya mwenye tovuti. Chini ya ukurasa huo huwa na mfululizo wa herufi na tarakimu uitwao Ray ID. Unakili. Mtunza tovuti akipewa mfululizo huo anaweza kulipata tukio lako kati ya maelfu ya mengine.

Mkazi afanye nini

Hatua ya kwanza ni kuacha kubonyeza. Kila unapojaribu tena kwa pupa, programu huhesabu jaribio jipya na inaweza kurefusha kizuizi. Subiri dakika 15 hadi 30. Vizuizi vingi vya kasi huisha katika muda huo.

Hatua ya pili ni kutafuta chanzo kwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Fungua tovuti ileile kwa simu ileile, lakini kwa mtandao mwingine. Ikiwa ulikuwa kwenye Wi-Fi ya saiba, izime na utumie bando. Ikiwa ulikuwa kwenye laini ya Safaricom, jaribu ya Airtel au Telkom. Tovuti ikifunguka, basi kilichozuiwa ni anwani ya mtandao wa kwanza. Simu yako haina tatizo.

Ikikataa, rudi kwenye mtandao wa kwanza na ubadilishe kivinjari. Kama ulitumia Opera Mini, jaribu Chrome au Firefox. Zima VPN kama ipo. Hakikisha tarehe na saa za simu ni sahihi. Ikifunguka, tatizo lilikuwa kwenye kivinjari au mipangilio ya simu.

Ikikataa bado, mwombe mtu aliye mahali pengine aifungue kwa simu yake. Ikikataa kwa kila mtu na kwa kila mtandao, tovuti yenyewe ina hitilafu na hakuna utakachorekebisha upande wako. Tarehe 18 Novemba 2025, kuanzia saa nane na dakika 20 mchana kwa saa za Kenya, tovuti nyingi duniani zilikwama kwa saa kadhaa kwa sababu ya hitilafu ndani ya Cloudflare. Faili inayotumiwa kutambua roboti ilikuwa imekua kupita kiasi ikaangusha mitambo. Siku hiyo mlinzi mwenyewe ndiye aliyeanguka mlangoni.

Ikiwa ukurasa unafunguka vizuri lakini fomu inakataa unapoituma, angalia ulichojaza. Ondoa alama zisizo za lazima kama mabano, nyota na alama za kuulizia. Ikiwa jina lako lina kikoma cha juu, usilibadilishe kwenye fomu rasmi bila kuuliza, kwa kuwa jina lisilolingana na kitambulisho linaweza kukuletea shida baadaye. Ripoti tatizo hilo kwa ofisi husika.

Kwa anayetumia bando, kuna jambo jingine jepesi la kujaribu. Weka simu katika hali ya ndegeni kwa dakika moja, kisha iondoe. Mara nyingi kampuni ya simu hukupa anwani nyingine, na mlango hufunguka.

Hatua ya tatu ni kuripoti, hata kama umefanikiwa kwa njia nyingine. Ripoti nzuri ina mambo matano: tarehe na saa kamili, jina la ukurasa uliotaka kufungua, mtandao uliotumia, nambari au Ray ID iliyoonekana, na ulichokuwa ukifanya. Piga picha ya skrini kama unaweza. Ripoti inayosema tu kwamba tovuti haifanyi kazi humwacha mtunza tovuti gizani, maana kwake inafunguka.

Ikiwa tarehe ya mwisho iko karibu, usisubiri majibu ya mtandaoni pekee. Fika katika ofisi inayotoa huduma hiyo, au uulize kwa msimamizi wa wadi. Kwa huduma za serikali ya kitaifa, Huduma Centre ya Kakamega inaweza kukuelekeza. Beba ile picha ya skrini yenye tarehe. Ndiyo ushahidi kwamba ulijaribu kabla ya muda kwisha.

Jihadhari na matapeli

Hofu ya kuzuiwa imewapa matapeli nafasi. Wapo wanaotengeneza kurasa bandia zinazofanana na lile jaribio la kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Ukurasa wa kweli hukuomba ubonyeze kisanduku, usubiri kidogo, au uchague picha. Ukurasa bandia hukuamuru ubonyeze vitufe fulani vya kompyuta kisha ubandike maandishi usiyoyaelewa. Maandishi hayo ni amri ya kuingiza programu ya wizi kwenye kompyuta yako. Funga ukurasa huo mara moja. Wenye saiba wanaombwa kuwaonya wateja wao, kwa sababu kompyuta moja ikiambukizwa, nywila za wateja wote wanaofuata huwa hatarini.

Hakuna jaribio halali linalohitaji PIN ya M-Pesa, nambari ya siri ya benki au picha ya kitambulisho ili kukufungulia ukurasa wa kawaida. Tena, kufunguliwa tovuti ya umma hakulipiwi. Anayedai hongo ili akuondoe kwenye orodha ya waliozuiwa anakuibia.

Kwa wenye tovuti: shule, vyama vya ushirika na ofisi

Hatari kubwa kwa mwenye tovuti ni kwamba aliyezuiwa haonekani. Takwimu za programu ya usalama huonyesha idadi ya mashambulizi yaliyozuiwa, na idadi ikiwa kubwa mwenye tovuti hufurahi. Hakuna safu inayosema ni wangapi kati yao walikuwa wazazi, wafanyabiashara au wanafunzi. Malalamiko yakiwa machache, huenda ni kwa sababu fomu ya kulalamika nayo iko kwenye tovuti ileile iliyowafungia.

Anayepokea ripoti aanze kwenye kumbukumbu za matukio za programu yake. Atafute saa iliyotajwa, kisha aone ni kanuni gani iliyomzuia mgeni: kasi, nenosiri, nchi au maandishi ya fomu. Kila moja ina tiba yake. Asipoona chochote, kizuizi kinaweza kuwa cha ngazi ya juu, yaani Cloudflare au kampuni inayohifadhi tovuti, na huko ndiko atakakouliza. Watu wengi hupoteza siku nzima wakirekebisha programu-jalizi isiyohusika kabisa.

Kisha athibitishe kwamba programu inasoma anwani halisi za wageni. Njia rahisi ni kuifungua tovuti kwa simu yake, kuangalia anwani yake kwenye huduma yoyote inayoonyesha anwani ya IP, na kulinganisha na ile iliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Zisipolingana, hilo ndilo la kurekebisha kwanza, kabla ya jambo lingine lolote.

Tiba iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Kuizima programu yote ya usalama ili kumridhisha mgeni mmoja ni sawa na kung'oa lango kwa sababu ufunguo umekwama. Vilevile si busara kuipa anwani ya kampuni ya simu ruhusa ya kudumu. Anwani hiyo ni ya pamoja, na kesho itakuwa mikononi mwa mtu mwingine. Ni heri kuongeza kiwango cha maombi yanayoruhusiwa kwa dakika na kufupisha muda wa kizuizi. Kizuizi cha dakika chache kinatosha kuvunja kasi ya roboti, na mwananchi huvumilia. Kizuizi cha miezi kwa anwani ya pamoja huwaumiza wasiohusika.

Ikiwa ni kanuni ya maandishi iliyokataa fomu, ilegezwe kwa fomu hiyo peke yake, baada ya mtaalamu kuhakikisha kwamba tovuti inapokea majina yenye kikoma cha juu kwa njia salama. Wordfence ina hali ya kujifunza, ambapo huangalia matumizi ya kawaida kwa muda kabla ya kuanza kuzuia. Wengi huiondoa mapema. Ni vyema iachwe imalize, na katika muda huo fomu zote zijazwe kwa majina halisi ya watu wa eneo hili.

Wakati mwingine anayefungiwa ni mtunza tovuti mwenyewe. Hilo likitokea, Wordfence inaweza kumtumia msimamizi kiungo cha kujifungulia kwa barua pepe. Njia hiyo ikishindikana, aingie kwenye akaunti ya kampuni inayohifadhi tovuti, afungue folda ya programu-jalizi, na alibadilishe jina folda ya programu hiyo. Itazimika, naye ataweza kuingia. Akishaingia, arudishe jina la folda, aiwashe programu, na asahihishe kanuni iliyomfungia. Asiiache tovuti bila ulinzi hata usiku mmoja.

Kabla ya kutangaza jambo lenye tarehe ya mwisho, tovuti ijaribiwe kwa laini za Safaricom, Airtel na Telkom, kwa Opera Mini, na kutoka saiba yenye wateja. Majaribio hayo hayachukui hata saa moja, nayo huonyesha matatizo mengi mapema.

Mwisho, ukurasa wa kizuizi uandikwe upya. Programu nyingi za usalama huruhusu mwenye tovuti kuongeza maneno yake. Uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, ueleze kwamba kizuizi kinaweza kuwa cha makosa, utaje muda wa kusubiri, na utoe nambari ya simu na ofisi ya kufika. Mistari minne ya namna hiyo humsaidia mkazi kuliko nambari 403 peke yake.

Haki ya mkazi

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja upatikanaji wa habari kwa wakati kuwa miongoni mwa misingi ya ushiriki wa wananchi. Tovuti ni njia mojawapo tu ya kutimiza haki hiyo. Inapofungika, haki hiyo haifungiki nayo.

Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkazi anaweza kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza akitaja habari anazotaka. Asiyeweza kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa anapaswa kuliandika ombi hilo kwa niaba yake. Ofisi inatakiwa kujibu mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 21. Ikiwa habari hizo zinahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ofisi ya Ombudsman.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahusika. Inatambua kwamba vitambulishi vya mtandaoni vinaweza kumtambulisha mtu. Kwa hiyo ofisi inayohifadhi kumbukumbu za anwani za wageni kwa ajili ya usalama inapaswa kuzitunza, kuzitumia kwa kusudi hilo tu, na kutozianika hadharani inaposhughulikia malalamiko.

Ulinzi wa tovuti za umma hautaondolewa, kwa kuwa mashambulizi yapo na yataendelea. Kinachowezekana ni kuupima vizuri, na kipimo hicho hutegemea taarifa za wakazi wenyewe. Ripoti moja yenye saa, mtandao na nambari ya kosa inaweza kufungua mlango kwa maelfu ya watu wanaotumia anwani moja nawe. Ukizuiwa, nakili kilichoandikwa kwenye skrini, jaribu njia nyingine, kisha mjulishe mwenye tovuti siku hiyohiyo.